Dhambi, deni au kosa? Neno unaloteua huamua ukombozi wake

Wanaoikariri Sala ya Bwana kwa moyo, hasa Wakatoliki, huomba wasamehewe makosa. Anayefungua Biblia ya Muungano ya 1952 hukuta deni katika Mathayo 6:12. Akisonga hadi Luka 11:4, atapata dhambi. Sala ni ile ile, aliyeifundisha ni yule yule, ila maneno ni matatu. Msomaji mmoja wa safu hii ameniuliza lipi kati ya hayo ndilo sahihi. Yote ni sahihi, lakini si visawe, na tofauti yake si ya kamusi tu. Ukishaamua dhambi ni kitu gani, umeshaamua pia Masihi alikuja kufanya nini.

Tuanze na kosa. Kitenzi kukosa kina maana ya kutopata: mwindaji hukosa shabaha, abiria hukosa gari, mtoto hukosa karo. Kiebrania nacho kilipita njia hiyo hiyo. Kitenzi chake kikuu cha kutenda dhambi, khata, ndicho kinachotumiwa katika Waamuzi 20:16 kuwasifu watu 700 wa Benyamini, wote wa shoto, waliolenga unywele kwa kombeo na wasiukose. Hamartia, neno la Kigiriki katika Agano Jipya, nalo lina asili ya kukosa shabaha. Tena binamu wa khata tunaye nyumbani bila kujua: ni hatia, tuliyoirithi kupitia Kiarabu.

Taswira hiyo ni nzuri, kwa sababu aliyekosa shabaha anaweza kuelekezwa upya. Udhaifu wake ni kwamba kosa limekuwa neno jepesi mno. Aliyekukanyaga mguu kwenye matatu amekosea, na aliyefyonza pesa za dawa za hospitali naye eti alikosea tu. Tumewasikia wanasiasa wakisimama kanisani na kusema kwamba kama kuna mtu wamemkosea, awasamehe. Hiyo “kama” yenyewe ni ajabu! Wanapigiwa makofi, mambo yanaisha. Hapo ndipo tunapolihitaji neno dhambi, kutoka Kiarabu dhanb. Lina Mungu ndani yake. Majirani wanaweza kusameheana makosa yao wakayamaliza wenyewe. Dhambi haimalizwi na wawili bila ya huyo wa tatu.

Deni, kwa upande wake, ni hesabu. Kiaramu, lugha aliyoizungumza Yesu, kina neno hoba, linalobeba maana ya deni na ya dhambi kwa pamoja, na yamkini hiyo ndiyo sababu Mathayo na Luka wakaachana njiani. Mdeni hafaidiki na kuelekezwa. Deni lake ama hulipwa ama husamehewa, na likisamehewa, basi kuna mtu aliyekubali kula hasara.

Kutoka hapo tunafika kwenye kukomboa, kitenzi tunachokitumia bila kuhisi uzito wake. Kabla ya kuingia kanisani, kukomboa ni kupeleka pesa ukachukua cherehani uliyoiweka rehani. Ni pia kumtoa mtu utumwani kwa malipo. Kule Kisauni, Mombasa, makao ya Frere Town yaliasisiwa mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Waliposikia mahubiri ya ukombozi, hawakuhitaji mtu wa kuwafafanulia sitiari. Ingawa wengi walikuwa wamenyakuliwa majahazini na wanamaji wa Uingereza, na mfanyabiashara wa watumwa hakulipwa kitu.

Sasa, fidia inayotajwa katika Marko 10:45 alilipwa nani? Origen, katika karne ya 3, alielekea kusema ni shetani. Gregory wa Nazianzus aliona wazo hilo kuwa fedheha: vipi mnyang'anyi atunukiwe bei? Anselm, katika Cur Deus Homo aliyoikamilisha 1098, alishikilia kwamba deni lilikuwa la heshima ya Mungu mwenyewe. Mimi niko upande wa Gregory. Sitiari ya sokoni inatuambia kwamba uhuru una gharama. Haitudai tutafute risiti.

Masihi lenyewe ni “aliyepakwa mafuta”. Isaya 45:1 inampa jina hilo hata Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyewaruhusu Wayahudi warudi kwao kutoka Babeli. Waislamu nao humwita Isa Masihi, ila hawamtwiki dhambi za wengine. Kwao kila nafsi hubeba mzigo wake, na mlango wake ni toba.

Sisi huku tunapenda kusema “nimeokoka”, kauli iliyovuma tangu uamsho ulioanzia Rwanda miaka ya 1930 na kuingia Kenya 1937. Itazame kisarufi. Kiambishi -k- ni cha kutendeka, kama katika kikombe kimevunjika: aliyekivunja hatajwi. Nayo -me- huarifu jambo lililokwisha. Paulo, katika 1 Wakorintho 1:18, alitumia umbo la Kigiriki la kutendwa, tena la jambo linaloendelea: watu wanaookolewa, na kuna anayewaokoa.

Zakayo, ambaye jina lake Wakenya tumeligeuza kejeli ya kodi, aliyaishi maneno yote haya kwa siku moja. Yesu alijialika kwake kabla hajaahidi chochote, kwa hiyo hakuununua wokovu. Lakini mbele ya mgeni huyo hakusema “kama kuna niliyemkosea” akaketi. Alipiga hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu arudishiwe mara nne. Ndipo alipoambiwa kwamba wokovu umefika nyumbani humo siku hiyo.