Mikoko inavyowaletea watoto wa Gazi maji na vitabu

Mtoto wa kijiji cha Makongeni anapokinga ndoo bombani, sehemu ya gharama ya maji hayo imelipwa na miti ambayo wazazi wake walikubali kutoikata.

Makongeni na jirani yake Gazi ni vijiji vya pwani katika Kaunti ya Kwale, takribani kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Tangu mwaka 2013 wakazi wake wamekuwa wakipata fedha kwa kuhifadhi msitu wa mikoko ulio mbele ya nyumba zao. Mradi wao, Mikoko Pamoja, ndio wa kwanza duniani wa kijamii kuendeshwa kwa kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko.

Kwa familia nyingi, uhifadhi wa mazingira ni habari ya wageni na mbuga za wanyama. Gazi ni habari ya maji ya kunywa, vitabu vya shule na kuni za kupikia. Ndiyo maana kisa chake kinamhusu mzazi yeyote ambaye shule ya mwanawe imewahi kuletewa miche ya kupanda bila kuambiwa nani ataitunza.

Miti iliyokatwa kwa ajili ya tanuri

Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi ili kupata kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Baadhi ya sehemu zilibaki tope tupu lenye chumvi, na miti haikurudi yenyewe.

Hasara haikuwa ya miti pekee. Katikati ya mizizi ya mikoko ndimo samaki wachanga, kamba na kaa wanamojificha hadi wakue. Msitu ukiondoka, samaki hupungua, na pengo hilo huonekana kwenye sahani ya mtoto.

Mapema miaka ya 1990, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, walianza majaribio ya kupanda upya. Kazi hiyo ilionyesha kuwa kila aina ina mahali pake. Mlilana hustahimili ukingo unaotazama bahari. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi kama miguu ya buibui, hupenda tope laini. Mkandaa hukaa karibu zaidi na nchi kavu. Ukiupanda mti mahali pasipo pake, kuna hatari kubwa ya kufa.

Utafiti huo ndio uliofungua mlango wa fedha. Huwezi kuuza hewa ya kaboni bila kujua una miti mingapi, ina unene gani na inakua kwa kasi gani.

Hewa inauzwaje?

Mti hufyonza hewa ya kaboni na kuihifadhi katika shina, majani na mizizi. Mikoko ina ziada moja: sehemu kubwa ya kaboni yake imezikwa topeni, ambako majani na mizizi huoza polepole sana kwa kukosa oksijeni. Ndiyo sababu hekta moja ya mikoko inaweza kuhifadhi kaboni mara tatu hadi tano kuliko hekta ya msitu wa nchi kavu katika ukanda wa tropiki.

Ghuba ya Gazi ina zaidi ya hekta 600 za mikoko. Mradi unahusu hekta 117 tu. Wakazi huahidi kulinda sehemu hiyo na kupanda miti mipya. Kiasi kinachotarajiwa kuuzwa ni takribani tani 3,000 kwa mwaka, kwa viwango vya shirika la Plan Vivo. Shirika la hisani lililoko Scotland, ACES, husimamia mauzo kwa watu na kampuni zinazotaka kufidia uchafuzi wao.

Makadirio ya mwanzo yalikuwa takribani dola 12,000 za Marekani kwa mwaka, yaani Sh1 milioni hivi kwa thamani ya wakati huo. Ukizigawa kwa wakazi wote wa vijiji viwili, kila nyumba ingepata vijisenti. Ndiyo maana fedha hizo hazigawanywi nyumba kwa nyumba. Kamati iliyochaguliwa na wanavijiji hupeleka mapendekezo kwenye baraza, na wakazi huamua kipaumbele.

Maji yalikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyachagua, pamoja na vitabu na ukarabati wa shule. Mzazi haelezwi sana kwa nini. Kuhara bado ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi wa chini ya miaka mitano duniani, na maji safi yaliyo karibu na nyumbani ni kinga mojawapo kubwa. Bomba likiwa karibu, pia kuna saa ambayo msichana hatumii tena kubeba ndoo.

Kuni zitatoka wapi?

Makubaliano haya yana bei yake. Anayelinda msitu hawezi kuingia na panga kila anapohitaji kuni au boriti za kujengea. Mama anayepikia watu saba hawezi kuambiwa tu "usikate". Mradi ulipanda mivinje nchi kavu ili familia zipate kuni na nguzo bila kugusa mikoko.

Ukataji wa wizi ukiongezeka, tani za kuuza hupungua, na pamoja nazo fedha za maji na vitabu. Bei nayo huamuliwa mbali. Mnunuzi wa Ulaya akiamua mwaka huu hatanunua, baraza la Gazi haliwezi kumlazimisha.

Makubaliano ya mradi ni ya miaka 20, hadi 2033. Mtoto aliyezaliwa mwaka ulipoanza atakuwa na miaka 20 utakapomalizika. Yeye na wenzake ndio watakaoamua kama panga litabaki ukutani.

Dalili njema zipo. Mwaka 2017 Mikoko Pamoja ilipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP. Kusini zaidi, karibu na mpaka wa Tanzania, vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vimeanzisha mradi kama huo wenye hekta 460.

Mfundishe mtoto matopeni

Gazi ina njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, inayoendeshwa na kikundi cha wanawake. Kiingilio cha wageni ni mapato ya kikundi. Anayeishi mbali anaweza kumpeleka mtoto kwenye mikoko iliyo karibu naye. Haya yatasaidia:

• Ulizeni wavuvi saa ya maji kupwa, na mtoke kabla hayajaanza kujaa.

• Mvalishe mtoto viatu vilivyofungwa. Chaza walioshika mizizi wana makali ya kukata mguu.

• Mwonyeshe kaa dume mwenye gando moja kubwa, na mizizi ya mchu inayochomoza topeni kama penseli ili ipate hewa. Aangalie bila kuvunja.

• Mtafutie mche wa mkoko. Mbegu huota ikiwa bado mtini, ikirefuka kama mkuki kabla ya kuanguka.

Na shule ikiomba mchango wa kupanda miti, mzazi ana haki ya kuuliza maswali matatu: ni mti gani na unafaa hapo? Nani atauhesabu baada ya mwaka mmoja? Fedha zikipatikana, nani ataamua matumizi yake? Gazi walianza na maswali hayo hayo, na bado huyajibu barazani.