Je, Wajua? Bingwa Naye Huugua Sonona

Jioni, viwanja vya Joseph Kang'ethe kule Woodley, Kibra, na Ndurarua kule Kawangware huvuta vijana wenye ndoto za kuichezea Harambee Stars, timu ya taifa ya soka. Wanafundishwa kukaza misuli, kupiga chenga na kuvumilia maumivu. Ni wachache wanaofundishwa kuitunza akili, na pengo hilo limewagharimu hata mabingwa wetu wakubwa.

Je, wajua kwamba umaarufu si kinga? Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta dalili za sonona na wasiwasi kwa asilimia 34 ya wanamichezo wa kiwango cha juu wanaoendelea kushindana, na asilimia 26 ya waliostaafu. Dalili peke yake si ugonjwa uliothibitishwa na daktari, lakini ni sababu tosha ya kocha kuuliza, "Unalala vizuri?"

Je, wajua kwamba mtu anaweza kuvunja rekodi ya dunia huku akiangamia? Mwaka 1978 mkimbiaji Mkenya Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81: mita 3,000, mita 5,000, mita 10,000 na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Septemba 1981, akiwa tayari ametekwa na pombe, aliivunja tena rekodi yake ya mita 5,000 huko Knarvik, Norway, kwa dakika 13:06.20. Saa ilisema yuko imara, kumbe maisha yanabomoka. Baadaye alifika kulala katika makao ya wasio na makazi huko Marekani. Aliiacha pombe, akarudi nyumbani mwaka 2019 na kufariki Nairobi Februari 2024. Pombe na sonona mara nyingi hufuatana, na matokeo mazuri uwanjani huweza kuzificha zote mbili.

Je, wajua kwamba maneno ya mitandaoni huweza kumfuata mkimbiaji hadi barabarani? Mkimbiaji wa marathoni Kelvin Kiptum alipofariki katika ajali Februari 2024, watu mitandaoni walimzushia mkimbiaji mwenzake Eliud Kipchoge kwamba alihusika. Vitisho vikafuata, vya kumchomea nyumba na kambi ya mazoezi. Wiki tatu baada ya ajali hiyo Kipchoge alikimbia marathoni ya Tokyo na kumaliza wa 10, nafasi mbaya kuliko zote alizowahi kupata katika marathoni hadi siku ile. Alieleza baadaye kwamba alikuwa amekosa usingizi kwa siku tatu. Hakusema ana sonona, na sisi hatuna haki ya kumbandika. Lakini usingizi ukikatika, miguu hulipa.

Je, wajua kwamba mazoezi ya kupita kiasi hufanana na sonona? Mwanamichezo asiyepumzika vya kutosha hupata uchovu usiokwisha, hukosa hamu, hulala vibaya na kasi yake hushuka. Sonona nayo huleta dalili hizohizo. Kocha anayedhani huo ni uvivu na kuongeza mazoezi huzidisha ugonjwa.

Je, wajua kwamba sifa za taifa hazidumu kama maradhi? Bondia Conjestina Achieng aliipa Kenya ubingwa wa kimataifa wa ndondi za wanawake mwaka 2004. Maradhi ya akili yalipomwandama, nchi ilimkumbuka kwa vipindi: picha zinasambaa, michango inaitishwa, kisha kimya. Bingwa anahitaji matibabu ya kudumu, na harambee ya wiki moja haiwezi kuyaleta.

Je, wajua kwamba tiba moja yenye matumaini ilijaribiwa Kibera? Watafiti wa mradi wa Shamiri walianza na wanafunzi 51 wa sekondari mtaani humo. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliotoka tu kumaliza sekondari, wakapewa mafunzo mafupi. Katika vikao vinne vya saa moja, wanafunzi walizungumza juu ya kukua kutokana na changamoto, kushukuru na mambo wanayoyathamini maishani. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua, na alama za masomo zikapanda. Jaribio kubwa zaidi, la wanafunzi 413 katika shule nne, lilichapishwa mwaka 2021 na kuonyesha nafuu iliyodumu kwa miezi kadhaa.

Je, wajua kwamba sheria juu ya anayezidiwa hadi kujaribu kujiua imeanza kubadilika? Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya anayejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Anayezidiwa anastahili daktari, si pingu.

Je, wajua pa kuanzia? Huzuni, kukosa hamu au kukosa usingizi kukidumu wiki mbili au zaidi, tafuta msaada katika kituo cha afya. Kibera iko karibu na Hospitali ya Mbagathi, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya bure, 1199.

Ikiwa vijana waliotoka tu shuleni waliweza kuwapunguzia wenzao mzigo Kibera, kocha wa Kawangware naye anaweza kufundishwa kufanya hivyo. Klabu zetu zianze sasa: dakika chache za mazungumzo kila wiki, kocha mmoja aliyefunzwa kutambua dalili, na nambari ya kituo cha afya ubaoni karibu na ratiba ya mechi. Hayo hayahitaji uwanja mpya wala mfadhili.