Olunga na fedha za Uchina: mshambuliaji kijana alivyonusurika katika soko la soka

Jina la Michael Olunga wa Kenya limeingia katika kumbukumbu za soka la Uhispania na la Japani. Kabla ya sifa hizo, hata hivyo, mshambuliaji huyo alipitia miezi michache ya majaribu katika ligi kuu ya Uchina mwaka 2017, akiwa ndiyo kwanza anatimiza umri wa miaka 23. Kisa chake kinaeleza jinsi fedha zilizoanza kumwagwa mjini Guangzhou zilivyobadili safari za wachezaji wa Kiafrika, na kwa nini mkataba mnono unaweza kumwinua kijana au kumfukia.

Kutoka Nairobi hadi Stockholm

Olunga alizaliwa mjini Nairobi mwezi Machi mwaka 1994. Alianza kusakata kabumbu katika kituo cha vijana cha Liberty, akapelekwa Tusker kwa mkopo mwaka 2013, kisha Thika United mwaka uliofuata. Wakati huo huo alikuwa akisomea uhandisi unaohusu upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya, na ndiyo maana mashabiki wengi humwita Injinia.

Mwaka 2015 alijiunga na Gor Mahia, klabu yenye wafuasi wengi kuliko zote nchini Kenya. Chini ya kocha Mskochi Frank Nuttall, timu hiyo ilitwaa ubingwa bila kupoteza hata mchezo mmoja wa ligi. Olunga, akishirikiana na Meddie Kagere katika safu ya mbele, alipachika mabao 19. Msimu huo mmoja ulitosha kumfungulia mlango wa Ulaya.

Mapema mwaka 2016 alisajiliwa na Djurgården ya Stockholm, mji mkuu wa Sweden. Mwanzo haukuwa rahisi. Baridi ilikuwa kali, mfumo wa uchezaji ulikuwa mgeni kwake, na mabao hayakuja kwa haraka. Klabu ilimvumilia, ikaendelea kumpa nafasi, na katika nusu ya pili ya msimu mguu wake wa kushoto ukaanza kuzungumza. Alimaliza akiwa na mabao 12 katika ligi kuu ya nchi hiyo.

Kwa kijana wa umri wake, hatua iliyotazamiwa ilikuwa ligi kubwa zaidi ya Ulaya. Badala yake, mwanzoni mwa mwaka 2017, Olunga aliuzwa kwa Guizhou Zhicheng, klabu ya mji wa Guiyang iliyokuwa imepanda daraja na kuingia ligi kuu ya Uchina kwa mara ya kwanza.

Kwa nini Uchina?

Jibu la swali hilo linaanzia Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala waliufahamu kwa nguo, simu na vipuri muda mrefu kabla ya kuufahamu kwa soka. Mtaa wa Xiaobei mjini humo umekuwa kituo cha Waafrika kwa miaka mingi, na Kenya Airways ilianza safari za kwenda huko mwaka 2005.

Mwaka 2010 klabu ya Guangzhou ilikuwa imeshushwa daraja kwa kashfa ya kupanga matokeo. Kampuni ya Evergrande, iliyojenga na kuuza nyumba, iliinunua katika hali hiyo ya fedheha na kuanza kuimwagia fedha. Klabu ilirudi ligi kuu na kunyakua ubingwa mara saba mfululizo, kuanzia mwaka 2011 hadi 2017. Iliwaajiri makocha waliokwisha kutwaa Kombe la Dunia, Marcello Lippi na baadaye Luiz Felipe Scolari, na ikawa bingwa wa vilabu wa bara la Asia mwaka 2013 na 2015.

Mafanikio hayo yaliwatia wivu matajiri wengine. Kila mkoa ulitaka kuwa na Guangzhou yake, na bei za wachezaji zikapanda kupita kiasi. Mapema mwaka 2016 Guangzhou ilitoa Euro milioni 42 kumsajili Jackson Martínez wa Colombia kutoka Atlético Madrid. Majira ya baridi yaliyofuata, Oscar wa Brazil alihamia Shanghai akitokea Chelsea kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa Euro milioni 60.

Waafrika hawakuachwa nyuma. Klabu ya pili ya Guangzhou, iliyojulikana kama R&F, ilimchukua Yakubu Aiyegbeni wa Nigeria mwaka 2012 baada ya miaka yake ya Uingereza. Mwaka 2014 ilimleta Mnigeria mwingine, Aaron Samuel Olanare, aliyezaliwa mwaka 1994 kama Olunga na aliyekuwa akicheza Norway. Njia ikawa imechorwa: kijana huonekana katika ligi za kaskazini mwa Ulaya, ambako bei yake bado ni nafuu, kisha klabu ya Uchina hulipa mara kadhaa ya bei hiyo.

Kwa klabu ya kiasi cha Djurgården, ofa ya namna hiyo si rahisi kukataliwa. Fedha za mchezaji mmoja huweza kuendesha shughuli nyingi. Kwa mchezaji naye, mshahara wa Uchina katika miaka hiyo ulizidi kwa mbali ule ambao angeupata Sweden, na maisha ya mwanasoka, kama ijulikanavyo, ni mafupi. Kwa hiyo si haki kumlaumu kijana kwa kuvutwa na fedha. Jambo la kutazama ni kile kilichomngojea alikokwenda.

Kanuni iliyofunga benchi

Guiyang iko katika nchi ya milima, mwendo wa saa tano hivi kwa treni ya kasi kutoka Guangzhou, kwa reli iliyofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2014. Olunga aliwakuta huko wageni wengine waliomzidi umri na uzoefu, miongoni mwao Nikica Jelavić wa Croatia, aliyewahi kuchezea Everton, na Tjaronn Chery, aliyetoka Queens Park Rangers ya London.

Katikati ya mwezi Januari mwaka huo, wiki chache kabla ya msimu kuanza, chama cha soka cha Uchina kilitangaza kanuni mpya. Klabu iliruhusiwa kuwatumia wachezaji watatu tu wa kigeni katika mechi nzima. Kadhalika, kila timu ilitakiwa kumwanzisha uwanjani angalau Mchina mmoja mwenye umri usiozidi miaka 23.

Viongozi wa soka nchini humo walikuwa na sababu zao. Timu ya taifa ilikuwa ikisuasua, na fedha zilizonunua mabao ya wageni hazikuzaa washambuliaji wenyeji. Baadaye mwaka huo huo serikali ya soka ilikwenda mbali zaidi: klabu yenye hasara iliyomnunua mgeni kwa bei kubwa ililazimika kutoa kiasi kama hicho kwa ajili ya kukuza vijana.

Uzito wa kanuni ya wachezaji watatu ulikuwa katika maneno "mechi nzima". Kocha mwenye wageni wanne au watano hakuweza kumwanzisha mmoja kisha kumwingiza mwingine badala yake baada ya saa moja ya mchezo. Wageni watatu wakishatumika, hesabu imefungwa. Mgeni wa nne anabaki jukwaani.

Kwa mchezaji aliyekwisha kujijengea jina, hilo ni kero tu. Kwa mshambuliaji kijana ni hatari kubwa. Wengi wa rika lake hukomaa kwa dakika ishirini za mwisho, wakati mabeki wamechoka na nafasi zinapatikana. Dakika hizo hufundisha, hurudisha imani, na huwakumbusha makocha wa timu nyingine kwamba mchezaji yupo. Nchini Uchina mwaka 2017 dakika hizo zilitoweka, na kocha aliyehofia kushuka daraja aliwachagua wageni wazoefu.

Olunga alicheza mechi chache tu. Katikati ya mwaka klabu ilimleta pia Rubén Castro, mfungaji mkongwe kutoka Real Betis ya Uhispania, na nafasi ikazidi kuwa finyu. Guizhou ilimaliza msimu katika nafasi ya nane, matokeo mazuri kwa klabu mpya. Mkenya huyo hakuwepo tena.

Mlango wa Girona

Mwishoni mwa mwezi Agosti mwaka 2017, Olunga alipelekwa kwa mkopo Girona, klabu ya Catalonia iliyokuwa pia katika msimu wake wa kwanza wa ligi kuu ya Uhispania. Huko pia alianza kama mchezaji wa akiba, ila kwa tofauti moja: mchezaji wa akiba aliweza kuingia.

Tarehe 13 Januari mwaka 2018 Girona iliikaribisha Las Palmas. Olunga alitokea benchi na kufunga mabao matatu katika kipindi cha pili, timu yake ikishinda 6-0. Alikuwa Mkenya wa kwanza kufunga mabao matatu katika mechi moja ya ligi hiyo, na mchezaji wa kwanza wa Girona kufanya hivyo katika daraja la juu.

Mwezi Agosti mwaka 2018 alihamia Kashiwa Reysol ya Japani. Timu ilishuka daraja mwaka huo huo, naye akabaki nayo. Mwaka 2019 alifunga mabao 27 katika daraja la pili, yakiwemo manane katika mchezo mmoja, Kashiwa ilipoisambaratisha Kyoto Sanga 13-1. Mwaka 2020, wakiwa wamerejea ligi kuu, alifunga mabao 28, akawa mfungaji bora na Mwafrika wa kwanza kutangazwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Kutoka hapo alinunuliwa na Al-Duhail ya Qatar.

Mashabiki wa Tanzania nao wana sababu ya kumkumbuka. Katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Cairo, mwezi Juni mwaka 2019, alifunga mabao mawili Kenya ilipoishinda Taifa Stars 3-2.

Kilichobaki Guangzhou

Ndoto iliyoanzia Guangzhou haikudumu. Evergrande ilizama katika madeni mwaka 2021, na klabu yake ikashuka daraja mwaka uliofuata. Jirani yake, iliyojulikana zamani kama R&F, ilivunjika mwaka 2023. Mwezi Januari mwaka 2025 mabingwa mara nane wa Uchina walinyimwa leseni kwa kushindwa kulipa madeni, na klabu ikafutika. Guizhou yenyewe ilishuka daraja mwishoni mwa mwaka 2018.

Fedha zimehama, lakini masoko mapya hufunguliwa kila mara, hasa katika nchi za Ghuba, na vijana wa Afrika Mashariki wanaendelea kupokea ofa. Safari ya Olunga inaonyesha maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini. Klabu ina wageni wangapi, na kanuni inaruhusu wangapi kucheza? Ni nani wanaogombea nafasi hiyo hiyo? Je, mkataba unaruhusu kwenda kwa mkopo mambo yakiharibika? Na mwenye klabu anapata wapi fedha za kulipa mishahara mwaka wa tatu?

Olunga alikuwa na masomo ya kumtegemeza, na alipata klabu iliyokubali kumwachia aende. Wengi wa rika lake waliopita njia hiyo hawakupata hata kimoja kati ya hivyo viwili.