Kamba Iliyoning'inia Kiwandani

Sikilizeni, wanangu. Huko Japani alikuwako mtoto wa seremala, Sakichi Toyoda, aliyekulia kijijini ambako wanawake walifuma nguo usiku na mchana. Mashine za kufumia za enzi zile zilikuwa na ila moja kubwa: uzi ukikatika, mashine huendelea tu, na mtu akija kushtuka, kitambaa kimeshaharibika. Mwaka 1896 Sakichi aliunda mashine ya kufumia inayosimama yenyewe uzi unapokatika. Wazo hilo halikufa naye. Mwanawe, Kiichiro, ndiye aliyeanzisha kampuni ya magari ya Toyota, na katika viwanda vyake ikaja kufungwa kamba juu ya vichwa vya mafundi. Yeyote akiona kasoro, avute kamba hiyo.

Sasa twende Marekani, mji wa Fremont, California. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda pale, na sifa zake zilikuwa mbaya. Watu walikunywa pombe kazini, wengine hawakutokea kabisa. Amri kuu ilikuwa moja: mstari wa kuunganisha magari usisimame. Ukiona bolti haikushika, nyamaza, gari lipite, litarekebishwa huko mbele ya safari. Mwaka 1982 kiwanda kikafungwa, na wakubwa wakasema tatizo ni wafanyakazi.

Mwaka 1984 Toyota na General Motors wakakifungua upya kwa ubia, kwa jina la NUMMI. Na waliajiriwa nani? Wengi wao wale wale! Viongozi wa vikundi wakapelekwa Japani wakajionee kazi inavyokwenda.

Hebu mtazameni fundi mmoja anayefunga kiti cha gari. Bolti imeingia upande, haikazi, na gari linasogea. Anavuta kamba. Muziki unalia, taa inawaka ubaoni, kiongozi wa timu anafika mbio. Haulizi nani kaharibu. Anauliza, "Nikusaidie nini?" Wanainama wote wawili. Wakiwahi kuitengeneza, kazi inaendelea kama kawaida. Wasipowahi, mstari unasimama. Kisha wanauliza kwa nini, na jibu likipatikana wanauliza tena kwa nini, mpaka wafike kwenye mzizi. Labda shida ni spana, labda ni bolti zenyewe. Haikupita miaka mingi, magari ya Fremont yakawa yanakaribia kwa ubora yale ya Japani, na utoro ukapungua mno. Mimi jambo hili hunifurahisha kila ninapolisimulia, maana watu wale walikuwa wamekwisha kuitwa wabovu.

Kwa nini iliwezekana? Labda ni kwa sababu sasa kosa halikumwaibisha mtu. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha utafiti wao juu ya watoto. Baada ya kufaulu maswali, baadhi walisifiwa kwa akili zao, wengine kwa bidii yao. Kisha wote wakapewa maswali magumu, wakashindwa. Waliosifiwa bidii wakaendelea kupambana. Waliosifiwa akili wakakata tamaa upesi, na walipotakiwa kuandika alama zao, wengi zaidi miongoni mwao wakaongopa. Aliyeambiwa ana akili anaona kosa linamvua sifa, basi analificha, kama mafundi wa zamani wa Fremont walivyoacha bolti mbovu ipite. Kwa hiyo mkianza kazi, iwe gereji, hospitali au benki, angalieni aliyekosea anapokelewaje. Hapo mtajua kama mtajifunza kitu.

Wakubwa wa General Motors waliiona Fremont kwa macho yao, wakataka kuiga. Katika kiwanda chao kingine, Van Nuys, mambo hayakwenda. Wasimamizi walikuwa bado wanahesabu magari yaliyotoka, si kasoro zilizotengenezwa, na waliona mstari ukisimama ni hasara. Ukiivuta kamba unafokewa, nani atarudia? Van Nuys ilifungwa mwaka 1992. Fremont iliendelea kuunda magari ya ubia huo hadi mwaka 2010.