Zima Tochi, Piga Picha

Swali ni lile lile kila mara: lenzi ya mtumba imemulikwa kwa tochi, ndani limeonekana vumbi, je, inunuliwe? Punje yenye upana wa milimita 0.2, kwenye kioo cha mbele chenye kipenyo cha milimita 40, huziba sehemu moja tu kati ya 40,000 ya eneo lake. Tena iko karibu mno na kamera kuweza kufokasiwa, kwa hiyo haichoreki pichani. Atauliza mtu: mbona picha zangu zina doa jeusi angani? Doa lisilohama ni vumbi la kwenye sensa. Badilisha lenzi, piga anga kwa f/16. Likibaki pale pale, lenzi haina kosa.

Mkwaruzo una uzito kidogo zaidi. Ukielekeza kamera kwenye jua hutawanya mwanga na kufifisha weusi wa picha, na ukiwa kwenye kioo cha nyuma madhara huongezeka. Lakini hayafikii madhara ya tiba inayopendwa mno, dawa ya meno. Kioo cha lenzi hupakwa tabaka za kupunguza uakisi, mbinu ambayo Alexander Smakula wa Zeiss aliiwekea hataza mwaka 1935. Tabaka moja la aina hiyo huwa na unene wa takriban nanomita 100. Chembe za kusugulia zilizomo kwenye dawa ya meno hupimwa kwa mikromita, kubwa mara nyingi kuliko kile zinachokisugua. Haziufuti mkwaruzo, hukwangua tabaka pembeni yake, na kioo kitupu huakisi karibu asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso. “Lakini kimeng'aa!” Ndiyo, na kung'aa ndiko tabaka lilikokuwa likikuzuia.

Kinachoharibu picha kweli tochi haikioni: kioo cha ndani kilichoondoka kwenye mhimili, pengine baada ya lenzi kuanguka. Funga kamera kwenye stendi, fungua lenzi hadi mwisho, kisha piga jengo la mbali likiwa katikati na katika kila kona, ukifokasi upya, na ukuze picha. Kona zote zikififia sawa, huo ni muundo, funga hadi f/8. Ikififia moja, rudisha. Lenzi ya zumu ipime ncha zote mbili. Usipime kwa f/22, huko nzuri na mbovu hufanana. Tochi ibaki kutafuta kuvu, nyuzi kama utando wa buibui, maana hiyo hula tabaka na hata kioo. Kuvu huota penye unyevu, kwa hiyo ukiishi Mombasa au Tanga, weka lenzi zako kwenye chombo kisichopitisha hewa, pamoja na silika jeli.