Mkondo Unapoachana na Tufe

Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Je, hutokea nini mkondo wenyewe unapokumbana na kitu cha mviringo? Makala haya yanadhamiria kulieleza suala hilo, na kuonyesha jinsi macho yalivyosaidia kutegua fumbo lililoishinda hesabu.

Mnamo 1752, Mfaransa Jean le Rond d'Alembert alichapisha hesabu zilizoashiria kwamba giligili isiyo na mnato haikikinzi kamwe kitu kinachopita ndani yake kwa kasi isiyobadilika. Kila mvuvi apigaye kasia alijua kuwa sivyo. Fumbo hilo lilidumu hadi 1904, Ludwig Prandtl alipouhutubia mkutano wa wanahisabati mjini Heidelberg, Ujerumani. Prandtl alikuwa ameunda mfereji mdogo ambao maji yake yalisukumwa kwa gurudumu la kuzungushwa kwa mkono. Alitia humo chembe za madini zinazong'aa, na mwendo wa maji ukaonekana.

Alichokibainisha ni kwamba mnato hutenda kazi hasa katika tabaka jembamba linalogusana na kitu chenyewe. Hewa inapolipita tufe, huongeza kasi hadi karibu na penye upana mkubwa zaidi. Baada ya hapo kanieneo hupanda na kuizuia. Hewa ya tabaka hilo, iliyokwisha kupunguzwa kasi na msuguano, husimama, hurudi nyuma, na mkondo huachana na tufe. Nyuma hubaki eneo pana la misukosuko lenye kanieneo ndogo, nalo hulivuta tufe nyuma.

Basi, je, tufe laini ndilo lipitalo kwa wepesi? Si lazima. Mnamo 1912, Gustave Eiffel aliripoti kutoka Paris ukinzani mdogo mno kuliko uliopimwa Göttingen, hata ikadhaniwa kuwa kuna aliyekosea. Mnamo 1914, Prandtl alilizungushia tufe waya mwembamba, mbele kidogo ya upana wake mkubwa, kisha akatumia moshi kuuonyesha mkondo. Waya uliivuruga hewa ya tabaka. Ikachanganyika na hewa ya kasi iliyo nje, ikapata nguvu ya kuambaa mbali zaidi kabla ya kuachana na tufe. Eneo la misukosuko likafinyika, na ukinzani ukapungua. Kumbe Eiffel alikuwa amepima katika kasi ambazo tabaka hujivuruga lenyewe. Pande zote mbili zilikuwa zimepima sawasawa!

Kwa hivyo, vishimo vya mpira wa gofu si pambo. Ndivyo vinavyouwezesha kwenda mbali.