Moshi wa moto wa misitu na kifua cha mtoto: kwa nini kiangazi cha sasa kinahitaji macho zaidi

Ukiamka alfajiri mwezi wa Septemba pale Kumsenga, au kokote katika vilima vya Kibondo na Kasulu, mara nyingi harufu ya moshi inakupokea mlangoni. Bonde limefunikwa na kitu kinachofanana na ukungu, na mtoto aliyelala vizuri jana anakohoa. Wengi tunasema ni baridi ya asubuhi. Mara nyingi ni moshi wa nyasi na miti iliyoungua usiku kucha mahali ambapo huenda wewe hukupaona.

Usiku hewa baridi huteremka na kutulia mabondeni, na moshi unatulia nayo. Jua likipanda, ardhi inapata joto, hewa inaanza kupanda na moshi unaondoka kidogo kidogo. Ndiyo maana saa 12 asubuhi hali inaweza kuwa mbaya na saa 6 mchana ikawa nafuu, ingawa moto ni uleule.

Kwa nini mtoto anaumia kuliko wewe

Moshi una chembe ndogo sana, ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Hazizuiliwi na pua wala koo. Zinafika ndani kabisa ya mapafu. Mtoto mchanga anapumua mara mbili au zaidi ya mtu mzima kwa dakika, kwa hiyo ukilinganisha na uzito wake anavuta moshi mwingi kuliko wewe uliyembeba. Njia zake za hewa pia ni nyembamba, na uvimbe kidogo tu unamsumbua. Mapafu yaliyochokozwa na moshi hushindwa kupambana vizuri na vijidudu, na hapo ndipo nimonia inapata nafasi. Mwenye pumu hubanwa upesi. Mama mjamzito naye ajihadhari, kwa sababu tafiti zimehusisha moshi mwingi wakati wa ujauzito na watoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Moto wa zamani na moto wa sasa

Kuna anayesema, "Moto ulikuwepo tangu enzi za babu zetu." Ni kweli. Misitu yetu ni ya miyombo, na miti yake imeishi na moto miaka mingi. Gome lake ni nene, na mingi ikikatwa au kuungua huchipua tena kutoka mizizini. Tatizo ni moto unakuja lini na una nguvu gani.

Mwezi wa Juni nyasi bado zina unyevu. Moto wa wakati huo unakwenda chini chini, unaruka sehemu nyingine, na mara nyingi unazimika wenyewe usiku. Usidhani hauna moshi. Nyasi mbichi zinatoa moshi sana, lakini kwa muda mfupi. Septemba na Oktoba ni habari nyingine. Nyasi zimekauka kabisa, upepo upo, na miyombo imeshaanza kutoa majani yake mapya mekundu hata kabla ya mvua, ikitumia akiba yake ya mwaka mzima. Moto ukipita hapo unaunguza machipukizi na miche, na mti unabaki bila akiba. Nchini Zambia, karibu na Ndola, wataalamu wa misitu walianza jaribio miaka ya 1930: sehemu moja ya miyombo ilichomwa kila mwaka mapema, nyingine ikachomwa mwishoni mwa kiangazi, nyingine haikuchomwa kabisa. Baada ya miaka mingi, ile iliyochomwa mwishoni mwa kiangazi ilikuwa imepoteza miti yake mingi na kuwa karibu uwanda wa nyasi. Ile isiyochomwa ilisongamana msitu.

Sasa weka joto juu ya hayo. Dunia imepata joto zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi tangu mwishoni mwa karne ya 19, na hewa yenye joto ina kiu: inanyonya maji kutoka kwenye nyasi, majani na udongo haraka zaidi. Mvua zikichelewa wiki mbili tu, ni wiki mbili zaidi za nyasi kavu wakati jua ni kali kuliko wakati wowote wa mwaka. Hata mvua kubwa zina upande wake wa pili, kama zile za El Niño za 2023 na 2024, kwani nyasi hukua ndefu, na kiangazi kikifika zote ni kuni. Hata palipo na baridi hapasalimiki: Oktoba 2020 moto ulichoma zaidi ya kilomita za mraba 90 kwenye Mlima Kilimanjaro.

Mabadiliko ya tabianchi hayawashi kiberiti, lakini. Moto wa kwetu karibu wote unawashwa na watu: anayeandaa shamba, anayetaka malisho mapya, mwindaji, mrina asali aliyeacha mwenge wake chini ya mti. Zamani kosa la namna hiyo liliunguza pande moja ya pori. Sasa linaweza kwenda siku tatu. Kama nyumbani kwenu mnachoma shamba, hili ni la kuzungumza na baba wa nyumba mapema, Mei au Juni: toeni taarifa serikali ya kijiji, limeni ukanda wa kuzuia moto pembeni, na msichome mchana wenye upepo.

Msitu ukiungua, chungu nacho kinajua

Uyoga tunaokula mwanzoni mwa mvua unaishi kwa kushikana na mizizi ya miyombo. Mti ukifa, uyoga wake nao unapotea. Mizinga ya nyuki inaungua na maua yanapukutika, na Kibondo inajulikana kwa asali. Kuni zinakuwa mbali, na ni wewe na binti yako mnaotembea.

Nikitaja asali, neno moja: mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali kwa ajili ya kikohozi, hata kidogo. Inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ambayo tumbo lake haliwezi kuizuia.

Siku za moshi mwingi ufanye nini

Asubuhi funga madirisha, na mtoto asikae nje mpaka moshi upungue. Lakini kama unapikia ndani ya nyumba hiyohiyo, kufunga kunakuwa hasara, maana moshi wa mafiga unaweza kuzidi ule wa nje. Pikia nje au jiko la pembeni, na usimbebe mtoto mgongoni unapochochea kuni. Mchana fungua nyumba ipitishe hewa. Khanga uliyomfunika usoni inazuia majivu, haizuii zile chembe ndogo, basi usiitegemee. Endelea kunyonyesha mara kwa mara. Chanjo ya nimonia hutolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Angalia kadi yake kabla kiangazi hakijakolea.

Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake. Awe ametulia, halii wala hanyonyi. Mfunue kifua, tazama kinavyopanda, hesabu kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Ukipata idadi hiyo, mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Usingoje kesho wala usinunue dawa dukani.

Nenda mara moja, hata usiku, kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri.

Akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi na umpeleke. Dawa ya meno, mafuta na majivu vinaharibu kidonda.

Mvua za kwanza zikinyesha, majivu na udongo kutoka vilima vilivyoungua vitateremka kwenye chemchemi na visima vya wazi. Kwa wiki hizo maji yachujwe kwa kitambaa, yaachwe yatulie, kisha yachemshwe kabla mtoto hajanywa.